Kanda la Usufi

Mezani, penye mizani ya kupimia unga,
tulipanga majiko matatu kama wagonjwa kwa daktari.
Nje, Jokkmokk ilivuja: theluji ya mwisho wa Mei
ilidondoka paani tone kwa tone, imechoka.
Wewe, Yngve, uliketi, goti lako jipya la chuma
limenyooshwa juu ya kigoda,
ukisoma gramu kwa sauti kama karani wa mnada.

La kwanza, la gesi. Miguu mitatu ya kukunja, kama ya panzi.
Gramu themanini na tatu!
Dakika tatu maji yanatokota.
"Ongeza mtungi," ukasema, ukaukalisha kando yake,
na mshale ukaruka hadi mia nne na ushei.
Tena baridi ikizidi mtungi hununa;
alfajiri ya barafu sharti uulaze kifuani kama mtoto
ndipo ukubali kuwaka.
Na ukiisha, hauachwi mlimani.
Unarudi nao siku nne, umebeba hewa.

La pili, la vijiti: kopo tu lenye matundu.
Kuni zake ziko njiani, bure.
Nikacheka. Kule juu, miti inapokata tamaa,
Sarek ina mawe, ina upepo, ina mito isiyo na daraja,
na mbetula wake mfupi hunifika kifundoni, tena umelowa.
Nani apike kwa mawe?

La tatu, la spiriti: kikombe cha bati,
gramu ishirini na sita,
mshale ulisita kama haukuamini.
Hakina pampu, hakina valvu, hakina cha kuharibika.
Dakika kumi na moja, upepo ukiridhia.
Na moto wake mchana hauonekani:
mpaka uweke kiganja juu ndipo ujue umewasha.

Kisha ukajikongoja hadi stoo
ukarudi na lile la shaba.

Sikuwa nimelialika.
Jiko la mafuta ya taa, la baba yako,
tumbo lake limebonyea pale lilipoanguka Kvikkjokk.
Kilo moja na robo, bila mafuta.
Miaka ishirini na minane lilinguruma mlangoni mwa hema
hata tukapigiana kelele kuombana chumvi,
na mimi sikuwahi kujua uzito wake.
Lilikaa kwenye shanta lako.
Mimi nilibeba mkate, na ramani, na maneno.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilipanda nyuma ya kanda hilo vuli hata vuli
nikilalamika kwamba unakwenda polepole.

Hukusema kitu. Ulichomoa sindano ya kuzibulia,
ukaifuta kwa shati, ukaitazama dhidi ya taa.
Nikachagua kikombe.

*

Leo siku ya tatu, Bonde la Rapa.
Nimejibanza nyuma ya jiwe, upepo unatafuta njia.
Nimekata mpini wa mswaki. Nimekata lebo za soksi.
Nimeacha kitabu, nimeacha kikombe cha pili,
hicho kwa kusitasita.
Na ndani ya mfuko wa spiriti, kumbe,
kitambaa cha shati, kimekunjwa mara nne,
na ndani ya kitambaa, sindano.

Haina kazi. Kikombe hiki hakina tundu la kuzibua.
Naipima kiganjani: gramu mbili, labda tatu.
Ningeijua jana, ningeitupa? Sijui.
Naichomeka kwenye ukosi.

Dakika ya saba. Maji yametoa vitone ukingoni, basi.
Moto siuoni, nauamini tu.
Kimya kimetanda hata nasikia mto
ambao miaka yote ile ulikuwa hapa hapa,
ukisema nini sijui, tukiufunika kwa ngurumo.

Dakika ya tisa.
"Chumvi," nasema,
kwa sauti ya kawaida.